Figa la Tatu

Nyumba ya kwanza ambayo Mwau aliijenga Kathonzweni ilikuwa ngome. Hakukusudia iwe hivyo. Mikono ilijiendea yenyewe, na mwenye mikono akashtuka kazi imekwisha. Kuta zilikuwa nene kuliko za kanisa. Madirisha yalikuwa madogo, tena juu kabisa karibu na mabati, ungeweza kuyaziba kwa mfuniko wa sufuria. Mlango uliipa barabara mgongo, ukatazama choo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Ndila, mjane, mwenyekiti wa kikundi cha kujengeana nyumba, mama mwenye ulimi usiojua breki. Alipokuja kukagua alisimama katikati ya chumba, akainua macho, akayateremsha, akayainua tena.

"Fundi," akasema, "nyumba ni nzuri, sikatai. Sasa hizo mbuzi zangu nitakuwa naziangalia na nini? Na utosi?"

Wanakikundi walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mwau hakucheka. Alichukua nyundo na patasi, akabomoa, akalishusha dirisha mpaka mahali ambapo mama aliyeketi angeliona zizi lake. Muda wote wa kazi hiyo alijibanza pembeni, hakusimama mbele ya tundu hata mara moja. Ndila aliliona hilo, na kwa mara ya nadra maishani mwake hakuuliza. Tangu siku hiyo, kila nyumba mpya ilipofika kiunoni, alikuja na kusimama mahali pa dirisha, akaweka kiganja kifuani na kusema, "Hapa, Fundi. Usinipandishie."

Kila mtu sokoni alijua kwamba Mwau alikuwa mwanajeshi, na kwamba alivuka mpaka akapigana Somalia. Zaidi ya hapo hawakujua kitu, lakini watu wa soko ni mabingwa wa kumalizia hadithi ambayo hawakuanziwa. Mmoja alimpa medali, mwingine akampa kesi. Mwau mwenyewe hakusimulia, na mimi sitamsemea. Linalojulikana ni alivyorudi. Alirudi na mikono yake miwili na miguu yake miwili, lakini masikio hayakurudi. Yalibaki kule yakisikiliza. Bati likialika kwa jua, yeye amekwisha kuinama. Mlango haukumtosha kwa komeo moja. Alitia matatu, akafunga, akalala, akaamka kuhakikisha kwamba amefunga, akalala, akaamka tena.

Wakati huo aliishi Mukuyuni katika nyumba ya kupanga, pamoja na mkewe na binti yao Yvonne, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Siku moja ya soko gurudumu la lori lilipasuka karibu na wauza nyanya. Kabla mlio haujaisha, Mwau alikuwa amemwangusha mtoto, amemlalia, amemfunika mwili wote na kumkandamiza udongoni. Mtoto alilia, baba hakusikia. Ilibidi wanaume wamvute. Mkono wa kushoto wa Yvonne ulikuwa umevunjika kwenye kiwiko.

Mkewe hakuwa mwanamke mbaya, na mtu asimseme. Alikuwa amevumilia mengi kabla ya siku hiyo. Walipotoka hospitali alimwambia, bila hasira, "Baba Yvonne, mimi nimechoka kulinda mtoto kutoka kwa mtu anayemlinda." Mwau akakunja nguo zake akaondoka. Alikwenda kwao Kyuso, kaskazini mwa Kitui, akakuta makaburi ya wazazi na boma lililofungwa na miiba. Alizaliwa peke yake. Hapakuwa na ndugu wa kumpokea mkoba. Akatangatanga na vibarua vya ujenzi, kazi aliyofundishwa jeshini, mpaka akafika Kathonzweni. Hapo alinunua kipande cha shamba nje kidogo ya soko, na badala ya kujenga akakodi chumba nyuma ya kinu cha kusaga unga. Akakitia makomeo matatu.

Kikundi cha Ndila kilikuwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, leo kwangu kesho kwako, jambo ambalo Wakamba hawakufundishwa na mradi wowote. Walifyatua matofali pamoja, wakayachoma pamoja, wakabeba maji na mchanga pamoja, na kila msimu wa kiangazi wakamsimamishia mmoja wao nyumba. Walichokosa kilikuwa fundi ambaye hangewakimbia katikati ya kazi. Mwau hakuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo wakapatana: yeye awajengee, naye ahesabiwe mwanakikundi mwenye zamu yake.

Kikundi kilikuwa na desturi moja ambayo huenda usiikute kwa vikundi vingine. Ndila alisema aliirithi kwa mama mkwe wake, na nani angembishia? Ni hivi: kuta na mabati ni banda tu; nyumba ni mahali moto umewashwa. Siku ya kukabidhi, mafiga matatu yaliingizwa ndani, kila moja na mtu wake, kwa mikono yake mwenyewe. La kwanza lililetwa na jirani. La pili lililetwa na mtu ambaye mwenye nyumba amekula naye sahani moja. La tatu lilikuwa la damu, lazima litoke kwa jamaa. Moto ukawashwa, chai ikachemka, kila mtu akanywa, nyumba ikawa nyumba. Kesho yake ungeweza kuleta mtungi wako wa gesi na kuyatupa mafiga nje, hakuna aliyekuuliza. Lakini siku hiyo yalipaswa kutimia, kwa sababu figa moja haliinjiki chungu, na mawili pia hayainjiki.

Na likikosekana moja? Mwenye nyumba hakunyang'anywa nyumba. Aliambiwa tu asifunge mlango kwa komeo, mchana wala usiku, mpaka figa lililopungua lifike. "Huwezi kumfungia nje mtu ambaye bado unamngoja," Ndila alieleza. Kwa watu wengine hiyo ilikuwa adhabu ndogo, ya wiki moja, mpaka shangazi apate nafasi ya kuja kutoka Emali.

Sasa utaelewa kwa nini kila zamu ya Mwau ilipofika aliitoa. "Mpeni Nyamai, ana watoto wengi." Mwaka uliofuata, "Mpeni yule mama wa kule chini, nyumba yake inavuja." Watu wakamsifu kwa moyo mkubwa, wakasema mwanajeshi huyu ni mtakatifu. Utakatifu gani? Mtu alikuwa na jirani, alikuwa na mtu wa kula naye, lakini hakuwa na wa tatu, na aliogopa siku ambayo wote wangelijua hilo kwa kuhesabu mawe sakafuni.

Ndila ndiye aliyekata maneno. Kiangazi kilipoingia, alisimama kwenye mkutano na kusema, "Mwaka huu ni kwa Fundi. Akikataa, hakuna kujenga. Tutakaa hapa tunaangaliana mpaka mvua."

Mwau alimfuata baadaye mtoni, mahali pa kuchotea mchanga. "Mwenyekiti, unajua mimi sina mtu."

"Si nitakuletea mimi hilo jiwe? Mimi ni umri wa mama yako. Nani atauliza?"

"Hapana," Mwau akasema. "Damu ninayo."

Ndila alimtazama. Katika miaka yote hiyo hakuwa amemsikia akisema jambo hilo. "Iko wapi?"

"Iko Mukuyuni."

"Basi si uiite," Ndila akasema, akainama kwenye koleo lake, maana kuna maneno ambayo hayastahili kuongezwa mengine.

Mwau alijenga nyumba yake bila kusema na mtu. Chumba chake alikijenga vilevile alivyojua: dirisha dogo, juu. Chumba cha pili alikianza, akakisimamisha kiunoni, akasimama hapo muda mrefu na timazi mkononi. Kisha akaacha nafasi ya dirisha pana, la chini, ambalo mtu angeketi kitandani akaona vilima vyote mpaka upande wa Makindu. Lilikuwa dirisha kubwa kuliko yote aliyowahi kuyajenga. Ndila alipopita akaliona hakuweka kiganja kifuani na hakusema kitu. Wanakikundi walidhani anaumwa.

Kumpigia Yvonne simu kulimshinda Mwau kuliko kunyanyua linta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango. Kila Krismasi alikuwa akimtumia salamu kwa ujumbe, na kila mara alijibiwa kwa heshima, "Asante, na wewe pia." Msichana sasa alikuwa mtu mzima, akifanya kazi katika duka la kuuza simu hapohapo Mukuyuni. Mwau alijizoeza maneno mbele ya toroli. Alipopiga hatimaye, yakamtoka ovyo.

"Ni baba yako. Nimejenga. Hapa kwetu kuna desturi ya mawe matatu ya jikoni. Moja linaletwa na mtu wa kwako. Ni Jumamosi. Kama una nafasi."

Sauti ya redio ya duka ilisikika nyuma ya Yvonne. "Jiwe la aina gani?"

"Jiwe tu. La kutosha mkono."

"Nitaona," Yvonne akasema. "Sijui kama nitapewa ofu kazini. Nitaona."

Mtu mwenye ndugu wengi akiambiwa "nitaona" huenda akalala usingizi. Mwau aliligeuza neno hilo siku zote zilizobaki, mara likawa ndiyo, mara likawa hapana.

Jumamosi ikafika. Wanawake walifagia sakafu ya saruji ambayo Mwau aliipiga sawasawa mpaka ikang'aa, wakaleta sufuria kubwa, maziwa na majani. Ndululu, jirani wa shamba la chini, mzee mwenye punda wawili na maneno machache, alikuja amekumbatia jiwe la kijivu kutoka kilimani. Alilitua sakafuni, akasema, "Hili halitakuangusha," akatoka kwenda kuvuta hewa.

La pili lililetwa na Salat. Huyo alikuwa mtu wa Garissa, mwenye duka la saruji na misumari sokoni. Siku ya kwanza Mwau alipoingia dukani mwake, miaka ile, alishindwa kusimama kwa sababu mlango ulikuwa nyuma yake. Salat hakuuliza. Alichukua kiti, akakiegemeza ukutani, kikatazama mlango. "Mimi nimekulia mpakani," akasema. "Kiti chako nakijua." Tangu hapo wakala wali pamoja hapo nyuma ya mifuko ya saruji, sinia moja, bila mazungumzo mengi. Leo Salat alikuwa amefunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mafuriko.

"Wallahi, Fundi, hili jiwe lako limeniharibia kanzu," akasema, akalitua karibu na la Ndululu, akajipangusa vumbi.

Kisha wakangoja. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kuteremka. Wanawake walizungumza juu ya pojo zao, ambazo wadudu walikuwa wamezila, wakazungumza juu ya mtoto wa fulani, wakaishiwa. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilikata maneno. Mwau aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, akitazama mawe mawili yaliyoacha nafasi ya la tatu. Aibu aliyoiogopa miaka mingi ilikuwa imefika na kuketi naye, na alishangaa kwamba haikuuma kama alivyodhani. Kilichouma kilikuwa kingine. Alitaka kumwona mtoto.

Ndila alimkaribia. "Fundi, watu wana mifugo ya kurudisha. Nilete langu?"

"Ngojeni kidogo," Mwau akasema.

Pikipiki ikaacha barabara, ikaingia njia ya shamba. Msichana mrefu alishuka, raba nyeupe, nywele zimesukwa vizuri, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Alikibeba kwa mkono wa kulia, akakisaidia kwa wa kushoto, ambao haukunyooka sawasawa. Mwau aliinuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefika."

"Nilichelewa kutoka. Bosi alikataa mpaka saa sita." Aliwasalimu wanawake mmoja mmoja, akawapa mkono kama alivyolelewa. Kisha akafungua leso sakafuni, na usoni mwake palikuwa na fahari ndogo ya mtu aliyechagua zawadi. "Nililitafuta sana. Nilitaka zuri."

Lilikuwa zuri. Lilikuwa jeusi lenye mishipa myeupe, mviringo, laini kama mkate uliopakwa mafuta. Alikuwa ameliosha. Lilikuwa jiwe la mtoni.

Wanawake wakatazamana. Hakuna mtoto aliyekulia kwenye jiko la kuni Ukambani asiyejua kwamba jiwe la mtoni haliwekwi motoni. Limekunywa maji miaka na miaka, maji yako ndani yake hata ukiliona kavu, na likishika moto sawasawa linapasuka kama bunduki. Lakini Yvonne alikulia kwenye chumba cha kupanga chenye mtungi wa gesi. Nani angemwambia? Mambo kama hayo baba na bibi ndio huyasema, jioni, bila kujua kwamba wanafundisha, na yeye hakuwa na bibi, na baba alikuwa nyuma ya kinu cha unga amejifungia.

Ndululu alikohoa mlangoni. Ndila alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Mwau akamtazama, na kwa jinsi alivyomtazama mama yule alifunga mdomo wake polepole.

Mawazo ya Mwau yalikwenda mbio. Akisema kweli, mtoto ataaibika mbele ya watu hawa wote. Ataitwa mtu wa mjini, watacheka, hata kama si kwa ubaya. Atalifunga jiwe lake kwenye leso. Desturi inataka aliyeleta figa bovu akatafute jingine mwenyewe. Na kilima kiko mbali, na jua linashuka, na kesho ana kazi. Atasema nitalileta siku nyingine. Mwau alizijua siku nyingine. Asiposema, jiwe litapasuka, na yeye atafanya kile anachofanya, mbele ya macho yaleyale yaliyokiona mara ya kwanza.

"Ni jiwe zuri sana," akasema. Akalinyanyua kutoka kwenye leso na kulitua mahali pake, wanawake wawili wakarudi nyuma hatua moja. "Sasa tokeni wote. Nitawasha mwenyewe."

Hapakuwahi kuwa na sheria kama hiyo. Ndila alimshika Yvonne kiwiko kile kibaya bila kujua, akasema kwa sauti ya juu kidogo, "Twende nikuonyeshe tangi la maji, mwanangu. Na dirisha lako. Kuna dirisha hapa utashangaa." Salat alitoka wa mwisho. Alisimama mlangoni.

"Nikae na wewe?"

"Kaa na yeye," Mwau akasema.

Alipanga kuni kwa akili. Aliusogeza moto upande wa jiwe la Ndululu na la Salat, akaacha la mtoto wake lipate joto dogo tu. Akabandika sufuria, akaketi mbali, kando ya mlango wa chumba kile cha dirisha pana. Alijiambia kwamba mambo yote ya nyuma yalimpata kwa ghafla, na hili halina ghafla. Unajua litalia. Unajua ni jiwe. Unajua ni lako, umeletewa. Maji yakaanza kuimba. Akamsikia Yvonne nje akiuliza kitu na Ndila akijibu, akasikia kicheko kifupi cha msichana, mara ya kwanza kukisikia tangu kilipokuwa cha mtoto. Kilimwingia. Alikuwa bado akikisikiliza jiwe lilipolia.

Kujua hakukumsaidia kitu. Alikuwa chini kabla ya kujua kwamba yuko chini, shavu kwenye saruji, mikono juu ya kisogo. Sufuria ilipinduka, maji na maziwa yakamwagika motoni yakifoka, moshi na jivu vikajaa chumba. Alingoja la pili. Mwili wake ulijua kuna la pili siku zote. Alihisi baridi ya sakafu na harufu ya saruji mbichi, akawa mahali pengine, na mahali pale palikuwa na majina ya watu.

Baadaye aliziona raba nyeupe mlangoni.

Zilisimama. Alitaka kumwambia atoke, ulimi ukakataa. Raba zilirudi nyuma kidogo, na Mwau akafumba macho asizione zikigeuka. Alipoyafumbua, zilikuwa karibu. Yvonne aliketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele, suruali yake safi kwenye jivu. Hakumgusa. Walikaa hivyo, mmoja amelala mwingine ameketi, mpaka pumzi ya Mwau iliposhuka.

"Wamesema ni jiwe langu," Yvonne akasema. "Wamesema kila mtu alijua."

"Ndiyo."

"Hata wewe ulijua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema tu? Si ningelitoa?"

Mwau alijiinua, akaketi, jivu nusu ya uso. Alijibu kama mtu anayetaja jambo la kawaida. "Ungerudi nalo."

Yvonne aliutazama mkono wake wa kushoto, akaukunja, akaukunjua mpaka unapofikia. Kisha akaanza kuokota vipande vya jiwe jeusi vilivyotawanyika sakafuni, akavikusanya kwenye leso, kimoja kimoja, na baba yake akamsaidia vile vilivyokuwa mbali. Vilikuwa bado na joto.

Wanawake waliingia na fagio. Hakuna aliyecheka. Chai haikunywewa siku hiyo. Salat aligawa soda alizoagiza sokoni, wakanywa wamesimama. Ndila, ambaye alikuwa amenyamaza siku nzima kuliko alivyonyamaza mwaka mzima, alimsindikiza Yvonne mpaka kwenye pikipiki, na Mwau akiwa nyuma aliyasikia maneno yao.

"Desturi ni desturi, mwanangu. Mafiga ni mawili. Mpaka ulete jingine, baba yako hafungi mlango na komeo. Hata usiku."

"Hafungi kabisa? Na yeye vile alivyo?"

"Kabisa."

Yvonne aligeuka kuitazama nyumba. Akatazama mlango, akatazama dirisha pana. "Mawe mazuri yanatoka wapi?"

Ndila alimwonyesha kilima kwa kidevu. Msichana alikitazama, akatazama simu yake. "Jumamosi zote huwa niko kazini," akasema. Akapanda nyuma ya pikipiki, leso ya vipande mapajani, akamwinulia baba yake mkono ule usionyooka. Mwau aliinua wake. Hawakuwa wamekumbatiana. Yvonne hakusema atarudi lini, na Mwau hakumuuliza, kwa sababu aliogopa kusikia tena "nitaona."

Watu waliondoka kwenda kwenye mifugo yao. Jua lilipogusa vilima Mwau alikuwa peke yake katika nyumba mpya yenye harufu ya maziwa yaliyoungua. Aliketi kitandani kwake chini ya dirisha dogo. Akainuka, akaenda mlangoni, akakuta mkono wake umeshika komeo la juu. Akautoa, akarudi kuketi. Punde akaukuta tena kwenye komeo, la kati safari hii, na hakukumbuka kuinuka. Makomeo hayo matatu aliyapigilia yeye mwenyewe wiki iliyopita, imara, kazi ya fundi.

Akaenda kuchukua bisibisi. Alifungua skrubu zote, akayabandua makomeo yote, akayafunga kwenye gazeti na kuyatia chini kabisa ya sanduku la vyombo vya kazi, kwa sababu aliujua mkono wake. Mlango ukajifungua kidogo kwa upepo. Mwau alivuta ile ndoo, akaketi kati ya mafiga mawili, uso kwenye barabara. Aliogopa kama alivyowahi kuogopa kule, na mlango hakuufunga.